Jinsi ya Kuikagua Simu Mpya kama Mtaalamu wa Kijiweni

Ukaguzi wa simu mpya hauanzii dukani. Unaanzia nyumbani, kwa kuiuguza simu ya zamani. Mtu mzima hanunui simu huku anayo nzima mfukoni, watamsema. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote hakikisha ya zamani imeanza kuumwa, na wanaokuzunguka wamejua kwamba inaumwa. Mkiwa mezani itazame, sonya, sema, "Inaganda hii." Kesho yake iangushe kidogo, si kwa nguvu, mbele ya mashahidi wawili. Keshokutwa ikizimika yenyewe, usiseme kwamba usiku hukuichaji.

Kuna hatari moja tu hapa. Mtoto wa jirani, mmoja wa wale wa kidato cha pili wanaojua kila kitu, anaweza kuichukua, akafungua sehemu ya hifadhi, akakuta video mia nne za maua yanayochanua na maneno ya asubuhi njema. Zimetoka kundi la ukoo, kundi la waliomaliza darasa la saba pamoja, na kundi la kamati ya harusi ambayo maharusi wake wameshapata mtoto wa pili. Akizifuta hizo, simu itapona hapohapo na safari yako itakuwa imekufa. Usimpe. Na kwa fundi wa betri usipite kabisa. Betri za lithiamu huchoka kama miguu. Zikishachajiwa na kuisha mara mia tano hivi, nyingi hubaki na takriban asilimia 80 ya nguvu zake. Kubadilisha betri ni gharama ndogo mno ukilinganisha na simu mpya. Hilo ni jambo la kuficha.

Kuhusu fedha, mwongozo huu hauna la kukufundisha. Ila nina jamaa yangu mmoja, nitamtaja hapa na pale kwa sababu mifano mingi ni yake, yeye alitumia zamu yake ya mchezo. Walikuwa watu kumi, kila mmoja elfu hamsini kwa mwezi, na zamu yake ikaangukia Aprili. Laki tano taslimu. Nyumbani walikuwa wameshakubaliana kwamba hiyo ni ya mabati ya jiko la uani, maana masika hayana mzaha. Lakini mwaka huo masika yalikuwa yamechelewa, jua linawaka kama Januari, na jamaa yangu akaona mbingu zenyewe zimempa nafasi.

Sasa jifunze lugha. Maana zake achana nazo, lugha yenyewe inatosha. Kuna GB, MP, mAh, Hz na W. Zote ni vipimo, lakini kijiweni zichukulie kama nyota kwenye mabega ya askari: nyingi ndio ukubwa. Mtu akikwambia ya kwake ina 5000, usiulize elfu tano za nini. Mwambie yako itakuwa ya 6000, kisha nyamazeni wote wawili kwa heshima.

Na asikutie aibu mtu anayesema unanunua simu kwa kuringa. Neno lenyewe simu asili yake ni Kiajemi, ambako sim ni waya. Tulilizoea zama za telegrafu na tumebaki nalo. Waya umekwenda, kuringa kumebaki. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper, mhandisi wa kampuni ya Motorola, alisimama barabarani New York ameshika simu ya mkononi yenye uzito wa zaidi ya kilo moja, akapiga. Hakumpigia mkewe. Hakumpigia mama yake. Alimpigia Joel Engel wa Bell Labs, mshindani wake, kumjulisha kwamba anaongea naye kwa simu ya mkononi kutoka barabarani. Yaani simu ile ya kwanza ilipigwa ili roho ya mtu mwingine iume. Wewe unaendeleza mila tu.

Kwa mtu wa Dar es Salaam, chumba cha mtihani ni Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Msimbazi na vichochoro vyake. Kariakoo ilipata jina kutokana na wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, kikosi cha Carrier Corps, na mpaka leo ni nadra mtu kutoka huko bila kubeba kitu. Usihangaike kuchagua duka. Duka litakuchagua wewe, kwa mkono wa kijana anayeitwa winga. Winga hana duka wala hana simu ya kuuza. Ana macho. Ukishuka kwenye daladala tu ameshaona mfuko upi wa suruali umevimba. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni wazi hawakuwahi kukutana na winga, ambaye hukutembeza wewe.

"Bosi wangu, unatafuta simu gani?"

"Naangalia tu."

"Kuangalia peke yako kuna hasara, bosi. Njoo nikuangalizie."

Mfuate. Kwenye kila bei utakayotajiwa kuanzia hapo kuna cha juu chake, lakini na yeye ana watoto.

Ukishaketishwa kwenye stuli na kupewa maji, geuza simu uitazame mgongoni. Hesabu macho. Ya macho mawili ni ya mwalimu aliye mafunzoni, ya matatu ni ya mtu aliyeajiriwa, ya manne ni ya aliyeajiriwa na ana kiwanja Chanika. Usiulize kila jicho linafanya kazi gani, utaambiwa ukweli. Na ukweli ni kwamba kwenye simu nyingi za bei ya kawaida jicho moja ndilo linalotafuta riziki, mengine ni wasindikizaji: moja la megapikseli 2 la kupigia picha sisimizi kwa karibu, jingine la megapikseli 2 la kupimia kina, na duara la nne ukilichunguza sana utakuta ni taa. Mara nyingine ni duara tu.

Kisha soma namba. Ikiwa imeandikwa 108MP, piga mluzi. Usijisumbue na habari kwamba kamera ya namna hiyo kwa kawaida hukusanya nukta ndogo tisa tisa za kwenye kihisi chake na kuzifanya moja kubwa, ili ipate mwanga wa kutosha, na picha inayokufikia ni ya megapikseli 12. Ile ya 50 nayo huunganisha nne nne, ikaishia 12 na nusu. Kwa hiyo ya 108 na ya 50 hukutana palepale, kama abiria wa mwendokasi na wa daladala wanavyokutana Jangwani siku ya mafuriko. Kinachotofautisha picha ni ukubwa wa kihisi, ubora wa lenzi, na ile programu ya ndani inayoipika picha kabla hujaiona. Hayo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Na hata ungepata picha ya ajabu, ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, hadi ikimfikia shangazi Tabora imekuwa picha ambayo simu ya miaka kumi iliyopita ingeipiga bila kutoka jasho. Lakini shangazi atasema umenenepa, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Kamera ijaribie mlemle ndani ya duka. Maduka ya simu yana taa nyeupe za kutosha kufanyia upasuaji. Humo hata kamera mbovu inang'ara. Usitoke nje. Usielekeze kwenye kona yenye giza. Na hasa usimpige picha winga akiwa ameupa mgongo mwanga wa mlangoni, maana hapo ndipo kamera inapovuliwa nguo. Kwa miaka mingi kamera zilipimwa kwa ngozi za waliozitengeneza, na sisi kwenye picha za usiku tukawa tunatoka meno na ukosi wa shati. Transsion ya Shenzhen, mama wa Tecno, Itel na Infinix, iliteka soko la Afrika kwa kuliona jambo hilo, pamoja na mengine kama laini mbili na betri za kudumu: ikazirekebisha kamera zake ziitambue sura nyeusi na kuimulika inavyostahili. Hicho ni kipimo cha maana kwelikweli, mpige picha mtu mweusi jioni uone, ndiyo maana nakitaja haraka ili tukipite.

Wewe fungua kipengele cha urembo. Kivute mpaka mwisho. Jamaa yangu alifanya hivyo, akamwona kiooni mtu mwenye uso kama embe bolibo, hana kovu la utotoni, hana mifuko chini ya macho, hana deni la mtu. Wakaangaliana. Akaipenda simu kuanzia pale.

Baada ya kamera inakuja RAM, na hapa winga huvuta pumzi kwanza.

"Hii ni kumi na sita, bosi. Kumi na sita!"

Ukilisogeza boksi karibu na macho utaona imeandikwa 8+8. Nane za kwanza ni RAM. Nane za pili ni ahadi. Mtu aliyewahi kupanga nyumba Dar ataelewa bila mchoro: ni ile nyumba ya vyumba vitatu, ambayo cha tatu ni sebule ikishatandikwa godoro. Simu hukata kipande cha hifadhi, kulekule picha zako zinakolala, ikakitumia kama RAM. Na kwa kuwa hifadhi haina kasi ya RAM, kazi inayopelekwa huko huenda kwa mwendo wa mkokoteni. Na kipande chenyewe kinakatwa kwenye zile GB 128 ulizouziwa, ambazo nazo hukuzipata zote, maana mfumo wa simu ulishahamia humo na ukoo wake mzima, pamoja na michezo mitatu usiyoiomba na programu ya kutabiri nyota. Hii hesabu isikuudhi. Itumie. Kijiweni sema "kumi na sita", kijumlishi kibaki moyoni.

Mkaguzi mwenye nia mbaya angeuliza hifadhi ni ya aina gani, eMMC au UFS. Ile ya UFS husoma na kuandika kwa kasi zaidi, na mara nyingi hapo ndipo panapoamua kama simu itakuwa inaganda mwakani au bado inakimbia. Lakini ukiuliza hivyo kwenye kaunta ya Aggrey utatazamwa kama mtu aliyekwenda buchani akauliza jina la babu wa ng'ombe.

Kioo kikague kwa kidole. Fungua orodha ndefu yoyote, isukume juu, ishushe chini, juu, chini, kama anayepepeta mchele. Sema, "Laini." Winga ataitikia, "Mia na ishirini hiyo," yaani kioo kinajichora upya mara 120 kwa sekunde badala ya 60 tulizozizoea. Ni kweli inapendeza, na ni kweli pia kwamba betri ndiyo inayolipia huo ulaini. Usiulize kioo chenyewe kina nukta ngapi. Kuna simu zinazotangaza 120 kwa majivuno huku kioo kikiwa cha 720 kwa 1600, kiwango kinachoitwa HD+, na hicho kijumlishi nacho kinafanya kazi ileile ya ndugu yake wa kwenye RAM.

5G: sema unaitaka. Bando lako la siku litaisha kabla hujamaliza kunywa chai, lakini litaisha kwa kasi ya kisasa.

Betri haikaguliki dukani, simu zote za dukani zina asilimia mia, hivyo tusipoteze muda. Tazama tu chaja. Simu yaweza kuwa na uwezo wa kupokea wati 33, na boksini mkawekwa chaja ya wati 10, sawa na kumpa mtu tumbo la sufuria na kijiko cha dawa. Wengine hawakuwekei kabisa. Apple waliitoa chaja kwenye boksi za iPhone mwaka 2020, wakaeleza kwamba ni kwa ajili ya mazingira. Kariakoo nako chaja hutolewa kwenye boksi, bila maelezo.

Maji, hapo kidogo tukae. Siku hizi winga akitaka kukumaliza anachukua chupa ya maji ya kunywa na kuimiminia simu mbele yako. Ikiendelea kuwaka anasema, "IP68, hiyo unaoga nayo." Usimwambie kwamba 6 ni ya vumbi na 8 ndiyo ya maji, na kwamba vipimo hivyo hufanywa maabara, kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyotulia, kwa kina na dakika ambazo mtengenezaji mwenyewe amezitaja. Si maji ya bahari ya Kigamboni. Si mchuzi wa pweza wa Forodhani. Si povu la sabuni kwenye beseni la nguo, ambako simu nyingi za nchi hii zimekutwa na mauti zikiwa ndani ya mfuko wa suruali. Tena gundi inayoziba mianya hulegea kadiri simu inavyozeeka na kuanguka, na watengenezaji wengi waranti yao haigusi simu iliyoingia maji, hata ile waliyoiuza kwa sifa ya kutoingia maji. Hapo mimi nimeshindwa kuongeza kejeli; wameshamaliza wao.

Ikilowa, nyumbani watakwambia uizike kwenye mchele. Apple wamewahi kuandika kwamba tusifanye hivyo, eti chembe za mchele zinaweza kuingia na kuidhuru simu. Hawajaona mchele wa Kyela uliopetwa na mtu anayejua kupeta. Hata hivyo wana hoja. Igongegonge taratibu, tundu la chaja likiangalia chini, kisha iache penye hewa, na mchele upikwe.

Kuna kipimo kimoja cha nusu dakika ambacho kinaweza kuharibu biashara ya watu, kwa hiyo nakutajia ili ukiepuke. Ukibonyeza *#06# simu inakuonyesha namba yake ya utambulisho, tarakimu 15. Hizo ndizo zinazopaswa kulingana na zilizoandikwa kwenye boksi, na ukizituma kwa ujumbe kwenda 15090 unajibiwa simu hiyo ni ya namna gani. Huduma hii Watanzania waliifahamu vizuri Juni 2016, pale TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozizima simu bandia, na wenye nazo wakaamka wakiwa na vioo vya kujitazamia. Kenya walishalipitia hilo tangu mwaka 2012. Zama zile ulikuwa unaweza kukuta simu imeandikwa Nokla, na muuzaji akakwambia kwamba hiyo ni Nokia ya toleo la Asia. Kwa hiyo usibonyeze chochote. Kubonyeza mbele ya muuzaji ni kama kuomba cheti cha kuzaliwa cha bibi harusi ukumbini.

Kabla hatujafika kwenye bei, ninaomba usifanye zoezi hili: usikae chini ukaandika mambo uliyoyafanya jana kwa simu yako. Jamaa yangu aliyaandika baadaye, wakati si wake tena. Alimulika tochi mara tatu, ya kwanza akitafuta kandambili. Alituma elfu ishirini kwa mama kwa kubonyeza *150*00#. Alipiga simu nne, mbili zikiwa za kuuliza "uko wapi". Alisikiliza sauti ya dakika sita kutoka kwa shemeji kwenye WhatsApp, akajibu "sawa". Ukiondoa hiyo ya shemeji, yote yaliyobaki yanafanyika kwenye kiswaswadu, wenzetu Kenya wanakiita mulika mwizi. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na tochi kichwani, ikauzwa zaidi ya milioni 250, haijapata simu nyingi za kuifikia. Na M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 iliingia kwenye viswaswadu hivyohivyo, bila kioo cha kugusa, bila jicho hata moja mgongoni. Unaona? Ndiyo maana nimekwambia usiandike.

Bei.

"Laki nne na themanini, bosi."

"Tatu na nusu."

"Bosi! Hapo hata soda sinywi."

"Basi mwisho wako?"

"Nne na sitini, kwa sababu wewe ni mteja wangu wa kwanza leo, sitaki nikurudishe, utaondoka na bahati yangu."

Ilikuwa saa kumi na nusu jioni.

Wakati huu ondoka. Nenda hatua nane. Kumi ni nyingi, utakuwa umefika kwa winga mwingine na yote yaanze upya. Utaitwa ukifika ya saba. Jamaa yangu walimwita, wakafunga laki nne na arobaini, kava na protekta juu yao. Chaja, ambayo ilitoka droo ya chini ikiwa imeviringishwa vizuri kama yenye kwao palepale, ikawa elfu ishirini na tano. Akauliza risiti. Kaunta nzima ikapata shughuli ghafla, mmoja akaanza kufuta kioo cha kabati. "Risiti ipo, bosi, ila hiyo bei tuliyoongea ni ya kirafiki." Akaelewa. Nimemwambia hakupaswa kuelewa, akanijibu kwamba sikuwepo.

Kwa asiye na taslimu ipo njia ya mkopo. Unatoa kianzio, unalipa kidogo kidogo kila siku, na siku ukichelewa simu inajifunga yenyewe ikabaki kukuonyesha namna ya kulipia. Ni mdai asiyebisha hodi, anakaa chini ya mto wako.

Hesabu ikawa hivi: laki tano, toa laki nne sitini na tano, elfu thelathini na tano mkononi. Jamaa yangu alizipiga hesabu mara mbili akaona bado mradi wa jiko haujafa. Zilizobaki zilikuwa zinatosha misumari.

Ukishalipa, usibandue nailoni. Najua kuna watu wanaobandua. Ni watu haohao wanaotoa nailoni kwenye makochi na kumwita mgeni akae. Nailoni ndiyo ushahidi pekee kwamba simu ni mpya, na ushahidi hautupwi kabla kesi haijasikilizwa kijiweni, kazini, msibani na kwenye kikao cha ukoo. Ikianza kukunjamana pembeni, lamba kidole, ibonyeze. Mimi namfahamu mtu aliyeuza simu baada ya miaka miwili ikiwa na nailoni, mnunuzi akaibandua, wote wawili wakaona kioo cha chini kwa mara ya kwanza.

Kimebaki kipimo cha mwisho, ambacho wakaguzi wengi hukisahau kwa kuwa hakimo kwenye boksi: kupiga simu. Weka laini palepale dukani, usikie sauti ya mwenzako, na mwenzako akwambie anavyokusikia. Winga alimtobolea jamaa yangu kile kitundu kwa pini, laini ikaingia, minara ikapanda, majina yakajipanga. Salio hakuna.

"Bipu tu, bosi. Bipu mtu yeyote."

Kabla hajachagua wa kumbipu, simu ikaita yenyewe. Kioo kikawaka. Jina Mama Zuhura likasomeka pale mlangoni pa duka, kwenye jua kali la jioni la Msimbazi, bila kulazimika kukinga kwa mkono. Kwa hilo kioo kile nakipa haki yake. Nikapokea. Yaani jamaa akapokea.

"Baba Zuhura, uko wapi?"

"Mjini hapa."

"Huku kwetu mvua imeshaanza. Mabati yanakuja na gari, au nimtume Saidi na mkokoteni akupokee stendi?"

Spika ya simu ile ni kubwa, tena bila hata kuiweka sauti ya nje. Winga alisikia kila neno. Akatazama viatu vyake, akatazama barabarani, kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu tano kwenye cha juu chake na kunishikisha.

"Ongezea misumari, bosi," akasema.